Je, Saa Chache Huleta Kazi Nyingi?

Kuna swali moja lisilokosa kuzuka wanapokutana mwajiri na mwajiriwa. Mwajiriwa husema, "Tukipunguziwa saa, tutafanya kazi kwa moyo zaidi." Mwajiri hujibu, "Hata hizo mlizo nazo hamzijazi. Nikizipunguza nitabaki na nini?" Kila mmoja huenda zake akimhesabu mwenziwe kuwa mvivu au mchoyo, na swali hubaki pale pale. Juma hili yafaa tulitazame kwa utulivu, maana halimhusu mwenye kiwanda kikubwa peke yake. Lamhusu karani aliye mezani, na lamhusu vile vile mkulima aliyeajiri vibarua watatu wa kupalilia kahawa yake. Ndani yake mna afya ya mtu, mshahara wake na mavuno ya shamba.

Kwanza na tuzijue saa zenyewe. Katika Kenya, ofisi za Serikali hufanya kazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumla ni saa 40 kwa juma. Kwa wafanyakazi wengine wengi, kanuni za jumla za mishahara huruhusu saa 52 katika siku sita, na kwa wafanyao kazi usiku huruhusu hata saa 60. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo yampa kila mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kwa hiyo majirani wawili wa mtaa mmoja, mmoja karani na mwingine bawabu wa usiku, huweza kutofautiana kwa saa 20 katika juma moja, na wote wawili husema, "Niko kazini." Ni dhahiri kwamba swali letu haliwezi kuwa na jibu moja kwa watu hao wawili.

USHAHIDI WA ZAMANI

Hofu ya mwajiri si ya leo. Mwaka 1837, viwanda vya pamba vya Uingereza vilipokuwa vikifanya kazi saa kumi na moja na nusu kwa siku, mtaalamu mmoja wa uchumi, jina lake Nassau Senior, aliandika kwamba faida yote ya mwenye kiwanda hupatikana katika saa ya mwisho. Kwa hesabu yake, ukiiondoa saa hiyo, faida imekwenda nayo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1847, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha saa 10 kwa siku kwa wanawake na vijana wa viwanda vya nguo. Viwanda havikufa, bali viliendelea kukua kwa miaka mingi. Kosa la Senior lilikuwa kudhani kwamba saa zote ni sawa, kana kwamba mtu ni gurudumu lizungukalo jioni kama lilivyozunguka asubuhi.

Mtu aliyelipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa ni Ernst Abbe, mkuu wa kiwanda cha Zeiss katika mji wa Jena, Ujerumani, kilichotengeneza hadubini na darubini. Mwaka 1900 alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi saa 8. Kisha alichukua hesabu za wafanyakazi 233 waliokuwa wakilipwa kwa kadiri ya kazi waliyoimaliza, akalinganisha mwaka uliotangulia na mwaka uliofuata. Aliona ya kuwa mapato yao kwa saa yalipanda kwa 16 hivi katika kila mia. Ili kuifidia saa iliyoondolewa, ilitosha yapande kwa 12 na nusu tu. Basi siku ya saa 8 ilizaa kazi nyingi kidogo kuliko siku ya saa 9, na wafanyakazi walifika nyumbani mapema na fedha zilizozidi kidogo.

Ushahidi mwingine watoka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 Serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, kwa kuwa watu hao, wengi wao wanawake, walifanya kazi saa nyingi mno, na mara nyingine hata Jumapili. Hesabu zilizokusanywa wakati huo zilihifadhiwa, na karibu miaka mia moja baadaye John Pencavel, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alizipekua upya. Aliloliona ni hili. Mpaka kufikia saa 49 hivi kwa juma, kila saa iliyoongezwa ilileta kazi yake kamili. Kupita hapo, kila saa ilileta kidogo kuliko ile iliyoitangulia. Mtu aliyefanya saa 70 hakutoa kazi iliyozidi sana ile ya aliyefanya saa 56. Saa 14 za jasho zilikwenda karibu bure! Aliona pia kwamba kumnyima mfanyakazi siku ya kupumzika kulipunguza kazi ya juma zima.

Neno hilo lamwonya kila upande. Mwajiri mwenye watu wa saa 60 ajue kwamba katika saa za mwisho analipia uchovu, wala si kazi. Lakini karani wa saa 40 naye asilitumie kama ngao. Chini ya kikomo kile, saa iliyokatwa ilikwenda pamoja na kazi yake. Akitaka saa zake zipunguzwe, sharti aonyeshe ni wapi kazi hiyo itakapopatikana.

MOYO WA KAZI

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Kumpumzisha mtu ni kitu kimoja, na kumtia moyo ni kitu kingine. Mtu aweza kupumzika sana na asiwe na moyo wa kazi hata kidogo.

Karibu na mji wa Chicago, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha vyombo vya simu kilichoitwa Hawthorne. Mwaka 1927 wakubwa wake walichagua wanawake wachache waliokuwa wakiunganisha vyombo hivyo, wakawaweka katika chumba cha peke yao. Wakawapa mapumziko ya dakika chache asubuhi na mchana, kisha wakawapa chakula kidogo, kisha wakawaruhusu kutoka mapema. Kazi ilizidi. Baadaye walirudisha saa zote kama zilivyokuwa mwanzo, bila mapumziko, wakitazamia kwamba kazi itashuka hadi pale ilipoanzia. Lakini jumla ya kazi kwa juma haikushuka hivyo. Wengi wakasema kwamba kilichowatia moyo wanawake wale ni kusikilizwa na kutazamwa kama watu wenye maana. Wataalamu wengine waliofuata walipinga. Walikumbusha kwamba katika chumba kile malipo yalihesabiwa kwa kikundi kidogo, hata kila mmoja aliyaona matunda ya mkono wake, na kwamba wawili kati yao waliondolewa kwa sababu ya mazungumzo mengi wakawekwa wengine mahali pao. Ubishi huo haukuisha. Hata hivyo pande zote mbili zilikubaliana kwamba saa chache hazikuwa sababu ya pekee.

Henry Ford, mwenye viwanda vya motokaa, alilijua jambo hilo kwa hasara. Mwaka 1913 watu walikuwa wakiiacha kazi yake kwa wingi mno, hata katika mwaka mmoja iliwabidi kuajiri watu zaidi ya mara tatu ya idadi iliyohitajika. Januari 1914 alipunguza siku ya kazi kutoka saa 9 hadi 8, na papo hapo akapandisha malipo kufikia dola 5 kwa siku kwa wale waliotimiza masharti yake. Watu wakatulia kazini. Hakukata saa na mshahara kwa mkasi mmoja. Tena tusisahau kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya mbio, mtu akifuata mwendo wa mashine, na saa 8 za namna hiyo si mchezo.

Hapa Kenya nako jambo la mshahara lilichunguzwa. Kamati ya Mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, ilitoa taarifa yake mwaka 1954. Ilieleza kwamba mshahara uliokadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala watoto hauwezi kujenga mfanyakazi imara mjini, ikapendekeza mshahara wa kumtosha mtu pamoja na jamaa yake. Mtu aliyeacha watoto wenye njaa nyumbani, ukimfungulia mlango saa tisa badala ya saa kumi na moja, hatakwenda kupumzika. Atakwenda kutafuta kibarua cha pili, na kesho atarudi kwako amechoka kuliko jana.

KAZI YA MEZANI NA KAZI YA ZAMU

Katika miaka ya karibuni nchi kadhaa zimejaribu tena kupunguza saa. Kati ya mwaka 2015 na 2019, Baraza la Mji wa Reykjavík na Serikali ya Iceland walifanya jaribio lililohusu wafanyakazi zaidi ya 2,500. Wengi wao walitoka saa 40 kwa juma hadi saa 35 au 36, bila mshahara kupungua. Katika sehemu nyingi kazi haikupungua, kwa sababu mikutano ilifupishwa na zamu zikapangwa upya. Mwaka 2022 huko Uingereza kampuni 61 zenye watu wapatao 2,900 zilijaribu juma la kazi lililopunguzwa kwa muda wa miezi sita, na 56 kati yao zikaamua kuendelea. Yafaa lakini kukumbuka kwamba kampuni hizo zilijitolea zenyewe, na nyingi zilikuwa za kazi za ofisini. Mtu aliyejitolea kufunga hawezi kupimwa na mtu aliyekosa chakula.

Tazama upande wa pili. Katika mji wa Gothenburg, Sweden, wauguzi wasaidizi wa nyumba moja ya wazee iitwayo Svartedalen walipunguziwa siku ya kazi kutoka saa 8 hadi saa 6 mwaka 2015 na 2016, kwa mshahara ule ule. Waliugua mara chache zaidi, na utunzaji wa wazee ulisifiwa. Lakini mzee wa kulishwa hawezi kulishwa upesi upesi ili muuguzi amalize mapema. Ilibidi waajiriwe watu wengine wa kuzijaza saa zilizoachwa wazi, gharama ikapanda, na jaribio halikuendelea baada ya muda wake kwisha.

Kumbe kuna kazi za namna mbili. Kuna kazi ambayo hupimwa kwa kitu kilichokamilika, kama barua zilizoandikwa au kahawa iliyochumwa. Na kuna kazi ambayo ni kuwapo kwenyewe, kama ya bawabu, muuguzi, au karani aketiye dirishani kuwapokea watu. Ya kwanza huweza kubanwa ndani ya saa chache. Ya pili haibaniki, na atakayeipunguza saa sharti aweke mtu mwingine mahali pake na kumlipa. Ofisi ikifungwa mapema bila kupanga zamu, atakayelipa ni yule mama aliyetoka mbali kwa miguu kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake akakuta mlango umefungwa. Yeye hakuulizwa kama saa zipunguzwe.

MAMBO YA SHAMBANI

Mkulima asidhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu na viwanda vyao. Kila alimaye kwa ng'ombe ayajua. Ng'ombe hufungwa nira alfajiri, na jua likipanda hufunguliwa waende malishoni na majini. Hakuna mwenye akili awalimishaye kutwa nzima, maana kesho hawatainuka. Huruma tuliyo nayo kwa ng'ombe wetu haifai kumkosa mtu tuliyemwajiri.

Tena kuna desturi ya kazi ya kipande. Sisemi kile cheti cha kipande ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukichukua zamani, kikining'inia shingoni. Nasema kipande kwa maana ya kazi iliyopimwa. Katika mashamba ya katani ya pwani yetu na ya Tanganyika, mkataji alipewa idadi ya mafungu ya majani, na alipoyamaliza siku yake ilikuwa imekwisha. Katika kahawa tunalipa kwa debe, na katika chai kwa uzito wa majani. Mtu wa namna hiyo hahitaji nyapara wa kumsimamia, kwa sababu ajua mwisho wa kazi yake, na mwisho huo umo mikononi mwake.

Lakini hapa ndipo waajiri wengi wanapoharibu. Tuseme mkulima amempa kibarua mistari mitano ya kahawa aipalilie kwa ujira wa kutwa. Kibarua akajibidiisha, akamaliza saa sita mchana, akanawa jembe lake. Mkulima akasema moyoni, "Kumbe mitano ni michache," na kesho yake akampa mistari saba kwa ujira ule ule. Siku ya tatu kibarua aliifanya mitano tu, na jua lilitua angali akiinama na kuinuka. Je, amekuwa mvivu? La! Amefundishwa. Amejifunza kwamba bidii yake haimpatii mapumziko, bali humwongezea mzigo. Somo hilo halisahauliki upesi, wala halimwingii yeye peke yake, kwa kuwa wenziwe nao wametazama.

Karani naye hufundishwa vivyo hivyo. Akimaliza majalada yake saa nane, akaletewa majalada ya mwenziwe aliyekuwa akipiga soga, basi kesho majalada yake mwenyewe yatafika saa kumi na moja barabara. Atayageuza kurasa, atatafuta kalamu, atakwenda kwa Fulani kuuliza jambo lisilo na haraka. Saa zimejaa, kazi haikuzidi.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la leo. Kupunguza saa humrudishia mtu nguvu, ikiwa saa zilikuwa zimepita kiasi. Lakini moyo wa kazi hauji mpaka mtu aone kwamba muda alioupata kwa bidii yake ni wake kweli, wala hautanyang'anywa kesho. Pasipo uaminifu huo, hata siku ya saa 6 itakuwa ndefu.

LA KUFANYA

Kwa mkulima mwenye vibarua, nashauri mambo matatu. Kwanza, pima kipande kwa haki. Kipime kwa nguvu za mtu wa kawaida, si kwa kijana mmoja shupavu aliyeamka vizuri, wala si katika udongo laini kisha ukakitumia kwenye udongo mgumu. Pili, ukiisha kukipima usikibadili katikati ya msimu. Kama waona umekosea, ngoja msimu uishe, kisha kaa na watu wako mkubaliane upya. Tatu, kagua kazi kabla ya kumwachilia mtu. Ubaya wa kipande ni haraka. Mchumaji mwenye haraka huchanganya buni mbichi na nyekundu, na kiwandani utaambiwa uzichambue upya. Mchuma chai mwenye haraka hupita majani mawili na chipukizi, akashika na yale magumu. Haraka haraka haina baraka, na debe lililojaa buni za kijani si debe.

Kwa mkuu wa ofisi au duka, kabla ya kupunguza saa anza kwa kuhesabu saa zipoteazo. Ni mikutano mingapi ambayo ingetosha kuwa barua ya mistari mitatu? Ni mara ngapi mtu hungoja sahihi ya mkubwa asiyekuwapo? Kazi ikipatikana hapo, saa moja ya Ijumaa huweza kutolewa bila hasara. Na kama ofisi yako yapokea watu, panga zamu ili dirisha lisifungwe.

Kwa mfanyakazi mwenzangu, tusiombe saa chache kwa maneno ya uchovu tu, hali kazi ya jana ingali mezani. Tuombe kwa hesabu mkononi, kama alivyofanya yule Abbe. Tuseme, "Bwana, tupe miezi mitatu. Kazi ni hii, na muda wake ni huu. Ikipungua, turudishe pale pale." Ombi la namna hiyo ni vigumu kulikataa, na likikubaliwa ni aibu kwetu kulivunja.

Na kwa yule afanyaye kazi saa 60 usiku, akilinda mali ya watu waliolala, madai ya hesabu hayamhusu. Yeye hapunguziwi saa kama zawadi ya bidii, bali kama haki ya mwili wake. Tukianza kupunguza, na tuanzie kwake, maana kamba hukatikia pembamba.